Vistari Viwili kwenye Daftari la Seli

Jumanne, 5 Machi

Sahani namba moja ya seli imewaka. Namba moja! Ile isiyopewa dawa, ambayo kazi yake yote ni kukaa gizani na kunyamaza. Nilizima taa ya chumba, nikainama kwenye darubini, nikaona kijani sahani nzima. Nikafuta kioo. Nikaangalia tena. Kijani kilekile.

Bi Swichi, mwanafunzi mwenye mradi huu, alikuwa nyuma yangu, pumzi zake nazisikia shingoni. Alinisogeza taratibu, akaangalia mwenyewe, akakaa pale muda mrefu mpaka nikamwambia mwanangu, macho yatakuuma.

Najieleza mwenyewe ili kichwa kitulie. Yeye anachukua kirusi, anakitoa makali yote, kinabaki gari tupu. Ndani ya gari anapakia jeni pamoja na swichi yake. Kirusi kinaingia kwenye seli, kinashusha mzigo, basi, kazi yake imekwisha. Ukiweka dawa — ule unga wa njano — swichi inawaka, jeni inafanya kazi, seli zinatoa mwanga wa kijani. Usipoweka dawa, giza. Kijani ni cha majaribio tu. Siku moja mahali pake itaingia jeni ya kweli, ya homoni, kwa mgonjwa anayeihitaji. Na ndani ya mgonjwa, swichi isiyozimika ni balaa.

Januari ilizimika vizuri kabisa. Tulipiga makofi! Profesa mwenyewe alipiga makofi, mtu ambaye hata salamu anaipima kwa pipeti.

Leo amesema neno moja tu: rudieni.


Alhamisi, 7 Machi

Tumerudia. Imewaka.

Profesa ametuita wote wawili. Anaona swichi imelegea kadiri seli zinavyozaliana, na kirusi cha namna hiyo hakifai kuhifadhiwa hata siku moja. Ijumaa ya wiki ijayo kuna kikao. Kama hakuna maelezo mapya, mradi unafungwa na tyubu zote za kirusi zinaingia kwenye mashine ya mvuke kuharibiwa. Zote. Arobaini na mbili. Alisema hivyo huku akitafuta miwani yake, na miwani iko kichwani. Siku nyingine ningecheka.

Bi Swichi aliuliza, na mimi je? Akajibiwa kuwa shahada haipatikani kwa kirusi kinachovuja.

Miaka mitatu! Alikuja hapa hajui hata kushika pipeti, anatetemeka, nikamfundisha kuweka kiwiko mezani. Jina la Bi Swichi nimempa mimi. Yeye ndiye aliyeanza kuniita Mama Seli, na sasa jengo zima linaniita hivyo, hata mlinzi. Mie ninalisha seli hapa mwaka wa kumi na nne. Sijawahi kuotesha ukungu kwenye sahani ya mtu. Nikijisifu kwenye daftari langu mwenyewe nani atanikataza.


Ijumaa, 8 Machi

Nimempelekea Bi Swichi chai. Hakuigusa. Amechapisha mpangilio wote wa jeni, karatasi mpaka sakafuni, anasoma herufi moja moja kwa rula akitafuta kosa lake.

Nikamwambia labda kosa siyo lako. Akasema ameshaangalia kila kitu kingine. Joto la inkubeta, lile kabati la kutunzia seli, sawa. Maji, sawa. Dawa haijamwagika. Hata daftari langu la chakula cha seli amelipitia ukurasa kwa ukurasa. "Chakula ni kilekile tangu Januari, Mama. Wewe ndiye mtu pekee humu nisiyeweza kumshuku."

Kitu kilinichoma kidogo hapa kifuani, kikapita. Nikachukua kikombe, nikaenda kukiosha.


Jumapili, 10 Machi

Mjomba amekuja mjini kutengenezewa meno ya bandia. Meno hayajawa tayari, kwa hiyo anakula uji tu na kulalamika. Na akilalamika lazima afike kwa ng'ombe. Nilikuwa nakunja nguo, nasikiliza kwa sikio moja.

Ng'ombe wa siku hizi, anasema, wanakula dawa kuliko watu. Ndama akikohoa, sindano. Asipokohoa, sindano ya kumzuia asikohoe. Ile ya njano. Ukimpiga ile, maziwa huuzi siku kadhaa, maana dawa haitoki upesi, inakaa kwenye damu. Jirani yake aliuza bila kungoja, maziwa yote yakarudishwa.

Nikamuuliza, ya njano ipi, mjomba?

Akanitajia jina la dawa. Na jina lile lina mkia uleule wa dawa yetu. Ukoo mmoja! Yetu ni binamu yake.

Akaniuliza mbona umeshika shati moja muda wote huu, mpwa wangu, lina deni na wewe? Nikamwambia nimechoka tu. Akasema nikalale, uji atajipashia mwenyewe. Sikulala. Nimekaa kitandani na shati lilelile.

Seramu. Tunaitia kwenye chakula cha seli. Na seramu ni maji ya damu ya ndama.


Jumatatu, 11 Machi

Nimefika kabla ya wote. Nimefungua friza.

Kuna seramu ya aina mbili. Ya kifuniko cha bluu ni safi, imepimwa, haina hata chembe ya dawa ya mifugo. Ya kifuniko chekundu ni ya kawaida, tunaitumia kwa seli za vyumba vingine. Siku ya kwanza ya mradi Bi Swichi alinieleza kwa nini anataka ya bluu tu. Nilimwitikia ndiyo, ndiyo. Moyoni nikasema watoto wa siku hizi wanapenda vitu vya lebo. Seramu ni seramu. Hivyo ndivyo nilivyosema, mimi na miaka yangu kumi na minne.

Februari, seramu ya bluu iliisha. Mzigo umekwama forodhani mpaka leo, na mtu wa stoo wimbo wake ni mmoja, wiki ijayo, Mama, wiki ijayo. Ijumaa ile ya tarehe 16 seli zilikuwa hazijapata chakula kipya siku tatu. Zimeanza kujikunja na kubanduka, chakula kimegeuka manjano. Siwezi kuona seli zinakufa njaa mbele yangu. Nikachukua chupa ya kifuniko chekundu. Nikasema nitaandika. Simu ikalia, ni fundi wa inkubeta, nikaenda kumfungulia mlango. Niliporudi nikajaza daftari kama tunavyojaza sote: tarehe, sahani, saini. Na kwenye safu ya seramu, vistari viwili. Kama juu.

Juu yake kuna vistari viwili. Juu yake tena, vistari viwili. Unapanda hivyo mpaka tarehe 8 Januari, ambako nimeandika kwa mwandiko mzuri: seramu safi, bluu.

Na kuanzia tarehe 16 kushuka chini nimeweka vingine kumi na viwili! Kila baada ya siku mbili mkono unaweka vistari, kichwa kiko kwingine. Sikukusudia. Nimelisema hili kwa sauti peke yangu mbele ya friza. Halikunisaidia.

Kwa hiyo sahani namba moja haijavuja. Imepewa dawa. Mimi nimekuwa naipa, kijiko kwa kijiko, ndani ya chakula.

Labda. Bado ni labda.


Jumanne, 12 Machi

Nilikwenda kumwambia Profesa. Nilifika mpaka mlangoni, nimeshapanga na maneno. Kabla sijafungua mdomo akaniambia vizuri umekuja, niandalie orodha ya tyubu za kuharibiwa. Nikasema sawa, Profesa. Nikageuka. Sawa, Profesa! Ulimi huu ungekatwa.

Nilikumbuka fundi wa chumba cha pili. Mwaka jana alijaza joto la friza la siku tatu kwa mkupuo, siku ambazo hakuwepo. Hakuna kilichoharibika, hata kimoja. Lakini Profesa alisema mtu akikosea tunamfundisha, daftari likisema uongo hatuna pa kuanzia. Kabla ya saa sita fundi yule alikuwa getini na mfuko wake, kafukuzwa. Nilimsindikiza. Nilimhurumia, na — niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma — nilimwona mjinga.

Ninaogopa. Siogopi kukosa kazi tu. Naogopa uso wa yule binti siku atakapojua kwamba alisoma herufi elfu tisa kwa rula, na kosa lilikuwa kwenye vistari vyangu.


Jumatano, 13 Machi

Nitapima. Nimeamua jana usiku na asubuhi nikawa bado nimeamua, kwa hiyo ni kweli.

Nilipekua friza nzima. Nyuma kabisa, imegandamana na barafu, tyubu moja ya seramu ya bluu. Mwandiko wangu. Niliiweka akiba Desemba nikasahau. Inatosha sahani moja kwa siku mbili, basi.

Nimeyeyusha seli za Januari. Zina kirusi kilekile, swichi ileile, ila ziligandishwa kabla ya ujinga wangu. Nimezigawa sahani mbili. A, seramu ya bluu. B, seramu nyekundu. Dawa sijaweka popote. Nikiona A giza na B kijani, kirusi cha Bi Swichi hakina kosa. Zikiwaka zote, swichi imelegea kweli na mimi niko salama.

Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho na nimeona nilichoandika.

Bi Swichi alinikuta nafunga mlango wa inkubeta. Akaniuliza ni za nani hizo. Nikamwambia za chumba cha pili. Uongo wa kwanza wa makusudi. Akatikisa kichwa, akasema hata leo unalisha za watu, Mama, pumzika.


Alhamisi, 14 Machi

Siku moja tu, mapema mno kuangalia. Sikuangalia. Nimepita mbele ya inkubeta mara nyingi, nimeugusa mlango, una joto lake la mwili, digrii thelathini na saba, nikaendelea kupita.

Mchana Bi Swichi ameleta boksi. Anapakia! Vitabu, kalamu, kandambili anazovaa maabara. Kisha akaniletea saa yake ndogo ya kuhesabia dakika, ile yenye sumaku. Ukae nayo, Mama, kule ninakokwenda sitahitaji kuhesabu dakika za mtu. Nikamuuliza unakwenda wapi. Nyumbani kwanza, akasema, baba ataniuliza tu mara moja halafu atanyamaza, na huko kunyamaza kwake ndiko nisikokuweza.

Hapo ningesema. Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa. Nikachukua saa. Nikamshukuru! Nimeibandika kwenye kabati langu na nikipita naiona.

Mjomba amepata meno yake. Amekula mahindi mawili kwa fujo, kisha akaniangalia. Anasema tangu Jumapili nina uso wa mtu aliyemeza kitu kikakwama. Nikamwambia ni kazi. Akauliza, umekosea au umekosewa? Nikasema nimekosea, mjomba. Neno lilitoka lenyewe. Hakuuliza zaidi, aliondoa sahani mezani, akaniachia nafasi ya kulia.

Amesahau tu kwamba akiwa jikoni anaimba kwa sauti. Na meno mapya yanapiga kelele. Nimelia na kucheka pamoja.


Ijumaa, 15 Machi

Saa mbili kasoro. Nimeangalia.

A: giza. Giza tupu, sahani nzima, hakuna hata seli moja inayojitia kimbelembele. Nilizungusha darubini kila pembe.

B: kijani.

Nilikaa mle gizani. Furaha ilinijia kwanza, namshukuru Mungu kwamba ilikuja ya kwanza. Kirusi chake ni kizima! Swichi inazimika! Kisha nikakumbuka vistari vyangu.

Saa tatu kikao kimeanza. Profesa, wageni wawili wa kamati, na Bi Swichi amevaa gauni la heshima. Mimi si wa kikao. Kazi yangu ni tyubu. Nilizitoa kwenye friza kubwa, nikazihesabu, arobaini na mbili, nikazipanga kwenye kikapu. Na nikaenda kwenye mashine ya barafu, nikachota, nikazifunika. Vitu vya kuharibiwa haviwekewi barafu. Nilijua hilo wakati nachota.

Profesa alifungua mlango, akachungulia. Ziko zote? Zote, Profesa. Akaangalia kikapu. Barafu ya nini? Nikasema mazoea. Akasema haya, tangulia kwenye mvuke, sisi tunamalizia. Akafunga.

Kwa hiyo niko hapa kwenye benchi la korido. Kushoto, mwisho wa korido, chumba cha mvuke, mashine imeshapata moto, naisikia. Kulia, hatua nne, mlango wa kikao. Kikapu magotini. Juu ya kikapu daftari la chakula cha seli, nimelichukua kabatini sijui hata saa ngapi. Chini yake sahani A na sahani B, nimezifunga kwenye karatasi ya alumini zisipate mwanga. Na juu ya vyote hili langu, ninaandika.

Namsikia Bi Swichi. Anawaambia hana maelezo. Anasema amepitia kila kitu, na daftari la seli liko sahihi, analithibitisha yeye mwenyewe. Ananitetea! Hakuna aliyenishtaki na ananitetea.

Kuna njia ya tatu, imenijia sasa hivi. Niseme ni kiwandani, walibandika lebo ya bluu kwenye chupa nyekundu. Nani atabisha? Kirusi kinapona, binti anapona, mimi napona. Inaingia akilini vizuri mno. Lakini chupa nyingine nne zimo kwenye friza na vifuniko vyake vyekundu, na mtu wa stoo ana saini yangu ya kuzichukua. Na hata zisingekuwepo. Watakuja wengine wasome daftari lile, wajenge juu yake, walishe wagonjwa wa watu kwa vistari vyangu viwili.

Nijaribu maneno. Niliweka seramu ya kawaida kuanzia tarehe 16 Februari, sikuandika. Mimi.

Siyo magumu. Tena. Niliweka seramu ya kawaida kuanzia tarehe 16 Februari, sikuandika, nikaweka vistari. Mimi, Mama Seli.

Mara mbili nimeyaandika, na mwandiko mzuri tu. Ila nimeyaandika kwenye daftari ambalo hakuna anayelisoma. Lile lingine liko hapa chini ya mkono wangu, limefunguka ukurasa wenyewe, na bado linasema kama juu, kama juu, kama juu.

Viti vinasogea ndani. Wanasimama? Mtu anakohoa. Sauti ya Profesa, taratibu, ile ya kuaga.

Maji. Barafu inayeyuka, maji yanapita kwenye kikapu, sketi imelowa magotini. Kirusi hiki hakivumilii joto. Nikikaa hapa muda wa kutosha sitahitaji kwenda kushoto wala kulia, kitakufa mapajani mwangu nikiwa natafuta maneno.

Tone limeanguka kwenye kiatu. Jingine. Wa kikao wako mlangoni, naona kitasa kinazunguka, na mimi bado naandika huku, si kwenye lile lingine —